Kaka anachoma mkaa, mimi ndiye ninayeununua

Shikamoo mama,

Huu ni mwezi wa nne kaka yangu hapokei simu zangu, na chanzo ni mkaa.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Kwetu ni Kilosa, mkoani Morogoro. Tulikwenda nyumbani kwenye arobaini ya marehemu baba, na nilikuwa sijafika kwa miaka sita. Zamani, kutoka barabara kuu hadi kijijini kwetu unapita ndani ya msitu wa miombo. Utotoni tuliogopa kuupita jioni. Safari hii nimeupita kwa bodaboda saa sita mchana na sikuona kivuli. Kuna visiki, kuna mashamba ya ufuta, na kila baada ya mwendo mfupi kuna doa jeusi la tanuri. Kijito tulichokuwa tukichota maji kimekauka. Wifi yangu anachimba mchangani, anakaa anasubiri ndoo ijae.

Usiku ule, wazee wakiwa bado wamekaa, nikamwambia kaka mbele yao: "Kaka, ndiyo mmeamua mmalize msitu wote aliotuachia baba?" Nilikuwa na uchungu wa msiba na uchungu wa nilichokiona. Lakini kaka huyu ndiye aliyenilipia ada ya sekondari, na nilijua fika kwamba sasa anawalipia wanawe kwa huo huo mkaa. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza: "Wewe pale Mbagala unapikia nini?" Nikakosa jibu. Akasema, "Gunia mimi nauza elfu kumi na nane hapa porini. Mnaolimaliza ni nyinyi." Akainuka. Asubuhi hakuja kutuaga.

Mama, alichosema ni kweli. Gunia hilo hilo mimi nanunua 85,000, na likifika wiki tano ni bahati. Nina mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko la plate mbili, nilivipata kwa pesa za kikoba mwaka juzi. Chai, mayai, kupasha kiporo, natumia gesi. Lakini maharage, makande na supu ya kongoro vyote ni mkaa, maana nikibandika maharage kwenye gesi roho inaniuma. Gesi ikiisha katikati ya mwezi narudi kwenye mkaa moja kwa moja, kwa sababu mkaa nitapimiwa kopo la elfu mbili, lakini gesi ya elfu mbili hakuna wa kunipimia. Na mume wangu anasema wali wa gesi haunogi.

Halafu kuna mama wa mkaa. Ni mjane, ana genge hatua chache kutoka mlangoni kwangu, na nimekuwa mteja wake miaka tisa. Mume wangu aliposimamishwa kazi, alinikopesha mkaa wiki tatu bila kuniuliza nitalipa lini. Nilipoanza kutumia gesi aliniambia, "Siku hizi umetukimbia." Alikuwa akicheka, ila maneno yaliniingia.

Nyumbani nako binti yangu wa kidato cha tatu amesoma mambo ya mabadiliko ya tabianchi, na sasa kila ninachonunua ni kosa: mkaa, mitumba, maji ya chupa. Nimechoka. Nikinunua mkaa namaliza msitu wa kwetu. Nisiponunua, nakata riziki ya mjane aliyenisitiri na ya kaka aliyenisomesha.

Lipi ni sahihi, mama? Na nitampataje kaka yangu?

Mama wa Wanne, Mbagala


Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba.

Naanza na kaka, kwa sababu hilo halitakiwi kufika mwezi wa tano. Ulichokisema kilikuwa na haki ya kusemwa, ila si pale. Huyo ni kaka yako mkubwa, aliyekusomesha, na usiku ule ndiyo kwanza anakaa kwenye kiti cha baba. Ukamuuliza mbele ya wazee kama mtu unayemhoji mwizi. Hata kama ungekuwa hujawahi kuwasha jiko la mkaa maishani mwako, lile lingemuuma.

Acha kupiga simu. Tafuta siku mbili upande basi, ufikie kwa wifi yako kwanza, umwambie umekuja kuomba radhi. Halafu uombe radhi hiyo mbele ya wazee wale wale, maana heshima yake uliivunja mbele yao. Na usisahau kwamba alikuuliza swali ambalo hukulijibu. Lijibu. Mwambie: "Kaka, napikia mkaa, na huenda ni wako." Anza na hapo, mengine yatafuata.

Fikiria pia hizo bei mbili ulizoniandikia. Kati ya 18,000 na 85,000 kuna mwenye lori, kuna vibali na ushuru, kuna dalali, kuna mwenye stoo, kuna mama wa mkaa anayepata faida yake ndogo kwa kila kopo. Aliyekata mti, akapanga magogo, akafukia, akalala porini siku kadhaa akiziba kila tundu linalotoa moshi ili asije akakuta majivu, anaondoka na karibu moja ya tano ya pesa unayolipa. Kila nikisikia mtu wa mjini akiwataja wachoma mkaa kana kwamba wanatajirikia msitu, nakumbuka hesabu hii.

Sasa mkaa wenyewe. Tanuri la kienyeji linakula kuni nyingi mno. Kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni, kutegemea kuni zilivyokauka na mchomaji anavyoijua kazi. Tuseme gunia lako lina kilo 60: hizo ni kilo 300 hadi 600 za mti. Magunia kumi kwa mwaka ni tani 3 hadi 6, zimepita kwenye jiko moja la Mbagala. Benki ya Dunia ilipoichunguza biashara hii mwaka 2009, ilikadiria kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania unatumika Dar es Salaam. Kwa hiyo kaka alikuwa anakwambia jambo la kweli kabisa kuhusu mji mzima.

Lakini kuna jambo ambalo wewe na binti yako mmeliruka, na bila hilo hamtamtendea haki kaka yako. Miti ya miombo inachipua. Ukikata mti ukaacha kisiki chake ardhini, mvua zikija kinatoa machipukizi, na kama hakuna anayeingiza moto wala jembe, msitu unarudi. Kinachoufuta msitu ni kung'oa visiki na kulima. Kwa takwimu za serikali, Tanzania Bara ilipoteza wastani wa hekta 469,000 hivi za msitu kila mwaka kati ya 2002 na 2013, na kilimo ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote. Wewe mwenyewe umeandika: visiki na mashamba ya ufuta. Mara nyingi mtu anafyeka shamba jipya, kisha miti iliyolala chini anaichoma mkaa apate pesa ya kuanzia kilimo. Hapo mkaa umefuata nyuma ya jembe, na hata kama Dar nzima ingehamia gesi kesho, shamba lile lingelimwa tu. Ufuta huo unauzwa, mahindi ya mashamba kama hayo yanakobolewa, na sisi ndio tunaosonga ugali. Nakwambia haya ili ukienda Kilosa uende na swali badala ya hukumu. Mkiwa wawili, muulize: mkaa wake anautoa kwenye mashamba mapya, au anakata msituni kwa ajili ya mkaa tu? Na visiki vinaachwa?

Kwenu Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa vimejaribu kuvuna mkaa kwa utaratibu, wakisaidiwa na mashirika ya uhifadhi. Kijiji kinatenga msitu wake kama Sheria ya Misitu ya 2002 inavyoruhusu. Sehemu ndogo ya msitu huo inagawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, na vinavunwa kwa kuruka: kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa kimesimama. Kilichokatwa kinapumzishwa miaka 24. Mchomaji anakuwa na kibali cha kijiji, na ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji. Kuna madarasa na zahanati zilizonufaika na pesa hizo. Shida yake ni kwamba mkaa huo unashindana sokoni na ule uliopita usiku kwenye pikipiki bila kulipiwa chochote, na ukifika Mbagala hakuna anayeutofautisha. Hata hivyo ni njia inayomwachia mtu kama kaka yako kazi yake. Kama kijiji chenu hakimo, yeye ndiye anayefaa kulisimamia jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Mchoma mkaa akisimama kuutetea msitu atasikilizwa. Wewe mgeni kutoka Dar utapigiwa makofi, halafu watu watarudi porini.

Turudi Mbagala, kwenye maharage yako.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona mkaa wako unakwenda kwenye vyakula vitatu vinavyokaa motoni muda mrefu. Hapo ndipo pa kushika. Anza na kisicho na gharama: maharage na makande yaloweke tangu usiku, mwaga maji yale, ndipo ubandike. Moto utakaotumia utapungua sana. Hatua ya pili ni sufuria ya presha, ile ya kuweka juu ya jiko, ambayo hata kwenye gesi itakupa maharage bila roho kukuuma. Na kama nyumba yenu ina umeme wa uhakika, jiwekeeni lengo la jiko la presha la umeme. Hesabu yake ni hii: chungu cha maharage kinakula takribani nusu uniti. Uniti moja kwa mteja wa kawaida wa nyumbani ni kama shilingi 356 ukijumlisha kodi, kwa hiyo maharage yanaiva kwa pesa isiyofika 200. Linganisha na kopo lako la elfu mbili. Bei ya jiko lenyewe ni kubwa, sikufichi, lakini mtungi wako pia uliupata kwenye kikoba. Wekeni mchezo wa akina mama sita au wanane, kila zamu inunue jiko moja. Serikali nayo ilizindua mkakati Mei 2024 wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na umeme wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji umeshaingia kwenye gridi. Hayo yote yatabaki kwenye magazeti ikiwa maharage ya Mbagala yataendelea kuchemkia mkaa.

Kwa gesi ya kununua kidogo kidogo, zipo kampuni zinazofunga mita kwenye mtungi, ukawa unalipia kwa simu kadiri unavyotumia. Ulizia kama zimefika mtaa wenu. Ingekuondolea ile siku ya katikati ya mwezi.

Nisikudanganye pia kwamba gesi haina doa. Wengi wanadhani ya mtungi inatoka Mtwara. Gesi asilia ya Mnazi Bay na Songo Songo huenda zaidi kwenye kufua umeme na viwandani. Ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje na ni jamii ya mafuta. Bado mimi naichagua kuliko mkaa wa tanuri la kienyeji, kwa ajili ya miti na kwa ajili ya kifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mama yangu mzazi alipika kwa kuni na mkaa maisha yake yote, na kikohozi chake cha alfajiri bado nakisikia masikioni. Na mwanangu, hili ulishike hata usiposhika lingine: usiingize jiko la mkaa chumbani usiku, kwa baridi wala kwa mvua, hata kama halitoi moshi. Hewa inayoua haionekani na haina harufu.

Wali wa baba watoto si tatizo kubwa. Kinachounogesha ni kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Mpikie Jumapili kwa mkaa, upalie vizuri, ale ashibe. Siku nyingine upike kwenye gesi kwa moto mdogo kabisa, ufunike kwa kitambaa chini ya mfuniko. Akijua Jumapili yake ipo, hatagomba Jumanne.

Mkaa huo wa Jumapili nunua kwa mama wa mkaa, na umwambie wazi kwa nini sasa unachukua kopo badala ya gunia. Usimpite ukiangalia chini. Aliyekukopesha wiki tatu bila kukuuliza anastahili kuusikia ukweli kutoka mdomoni mwako. Riziki yake si lazima iwe mkaa siku zote. Ana genge, ana wateja wanaomwamini, ana eneo. Muulize kama anauza nyanya, vitunguu, nazi. Pesa uliyokuwa ukimpa ya gunia, sehemu yake mpelekee huko. Wapo waliokuwa wauza mkaa ambao leo wana mitungi midogo ya gesi mbele ya genge, wengine wanauza mkaa mbadala. Huo mkaa mbadala akiuleta, mwombe aulize umetengenezwa na nini. Wa vifuu vya nazi au chenga za mkaa ni jambo jema. Mwingine ni makaa ya mawe ya mgodini yaliyosagwa, huo ni mzigo wa namna nyingine. Na mkiwa akina mama kumi wa kikoba, mnaweza kumkopesha mtaji wa mitungi ya kwanza. Deni la hisani utakuwa umelilipa kwa hisani.

Binti yako usimnyamazishe. Hasira yake ina sababu, ni yeye atakayeishi na jua hilo miaka mingi kuliko sisi. Ila asiyachanganye yote. Shati la mtumba unalolivaa miaka minne limeshatengenezwa tayari. Kulivaa hakuongezi ekari ya pamba mahali popote. Kinachoumiza ni zile nguo mbovu katikati ya belo ambazo hakuna wa kuzivaa, nyingi za polista, ambayo ni plastiki, nazo zinaishia jalalani na kwenye mitaro yetu. Kwa hiyo chagua nguo nzima, shona iliyochanika, usinunue kwa sababu ni ya buku. Na mkumbushe ilivyokuwa kwa mifuko ya plastiki. Tuliilalamikia miaka na miaka, kila mmoja akimlaumu mwenzake, na bado ilijaa mitaroni. Iliondoka sokoni 1 Juni 2019 kwa sababu ilitoka amri ya kuipiga marufuku, na wiki ile ile vikapu vikarudi mikononi. Mengine yanayomuudhi yanahitaji nguvu ya namna hiyo, na wewe huwezi kuyabeba peke yako ukiwa na sufuria mkononi. Mpe daftari. Mwezi mmoja aandike kila kopo la mkaa, kila mtungi, kila pesa ya Luku, na kilichopikwa. Mwisho wa mwezi mkae naye muone. Atajifunza hesabu ya nyumba, na wewe utapata mtu wa kukuunga mkono badala ya mtu wa kukushtaki.

Ukishapatana na kaka, shukeni wote wawili hadi kile kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni kwa hatua, kila upande, muone ufuta umefika wapi na shoka limefika wapi. Nendeni mvua za masika zikiwa zimeanza, kwa sababu visiki vilivyo hai vitakuwa vimetoa machipukizi na mtaviona. Mwombe kaka asiviguse hivyo vya mtoni, na azungumze na jirani anayelima ukingoni. Na wifi mpelekee ndoo mbili kubwa zenye mifuniko, maana hadi hapo maji yatakaporudi, anayeamka usiku kwenda kusubiri pale mchangani ni yeye.